Msiwauzie wanawake rangi mahali pa simu

Mhariri,

Msimu wa harusi unapokaribia, maduka ya Lamu kuanzia Langoni hadi Mkomani hujaa makasha ya kile kinachoitwa "simu ya kike". Ukiuliza ni ya kike kwa lipi, utaonyeshwa mgongo wa waridi, ua la dhahabu kando ya kamera, na pengine kijiwe kinachong'aa juu ya kitufe cha kuwashia. Sisi ni mafundi, na simu hizo huishia mezani kwetu zikiwa zimefunguliwa. Tunaomba nafasi tueleze kilichomo ndani, kwa sababu anayenunua mara nyingi ni mume, kaka au mjomba, na atakayeishi nayo miaka mitatu ni mwanamke ambaye hakuulizwa neno.

Hatuna ugomvi na rangi. Mwambao huu ndio wenye mfano bora wa jinsi bidhaa ya wanawake inavyofaa kubuniwa, nao ni kanga. Inasimuliwa kwamba mwishoni mwa karne ya 19 wanawake wa Zanzibar na pwani hii walinunua leso, yaani vitambaa vya mkono, zilizokuwa zikija kwa jora, wakakata sita, wakaziunga tatu kwa tatu na kupata vazi moja. Wafanyabiashara waliliona hilo wakaagiza nguo nzima iliyokwisha kupigwa chapa. Baadaye likaongezwa jina, yaani msemo wa kanga, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha za Kilatini. Mwanamke alitangulia, mfanyabiashara akafuata. Hadi leo mnunuzi wa kanga hashikwi na rangi peke yake: hupapasa pamba, hutazama kama pindo limekaa sawa pande zote nne, husoma jina, na akirudi nyumbani huitia maji aone kama inachuja. Kwenye simu mwanamke huyohuyo anatarajiwa aridhike na ganda.

Rangi yenyewe haikuzaliwa na jinsia. Mwaka 1918 jarida la wauza nguo za watoto wa Marekani, Earnshaw's Infants' Department, lilishauri waridi iwe ya wavulana kwa kuwa ni rangi yenye nguvu, na buluu iwe ya wasichana kwa upole wake. Baadaye desturi ikapinduka. Hapa kwetu mzee hutoka msikitini na kikoi chenye mistari ya waridi na hakuna anayegeuka kumtazama.

Makampuni makubwa yamekwisha kujikwaa katika njia hii. Mei 2009 Dell ilifungua tovuti iliyoitwa Della kuwauzia wanawake kompyuta ndogo za mkononi. Badala ya kueleza kasi na uwezo wa mashine, ilitoa mawaidha ya kutafuta mapishi na kuhesabu kalori. Wanawake walilalamika, ikabidi ibadilishwe haraka. Mwaka 2012 BIC ilishambuliwa kwa kalamu za wino za "wanawake" ambazo wino wake ulikuwa ule ule. Karibu na wakati huo Mashariki ya Kati kuliuzwa tableti ya inchi 8 iliyoitwa ePad Femme, yenye picha ya rangi ya waridi kwenye kioo na programu za yoga, mapishi na kupunguza uzito zilizokwisha kupakiwa, kana kwamba mnunuzi hawezi kupakia programu mwenyewe. Fujitsu nayo ilitoa Japani kompyuta ya Floral Kiss mwaka 2012, yenye nakshi za rangi ya dhahabu na programu ya nyota. Lakini hiyo ilikuwa na jambo moja la kupigiwa mfano: kifuniko chake kilikuwa na kishikio kinachofunguka kwa urahisi hata kwa mwenye kucha ndefu. Hapo mtu aliutazama mkono wa mwanamke akiwa anafanya kazi. Hilo moja lilikuwa na maana kuliko nakshi zote.

Sasa tuingie ndani ya simu zinazouzwa hapa. Kampuni inayotoa modeli moja kwa rangi nne, nyeusi, kijani, fedha na waridi, haina neno, kwa kuwa ndani hamna tofauti. Mwanamke achukue anayoipenda. Shida ni zile simu, tableti na kompyuta za bei ya chini ambazo gharama imekwenda kwenye ganda na kasha, na bodi, sahani ya saketi iliyo ndani, ikaachwa dhaifu. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kwenye kompyuta za mkononi za rangi za kupendeza utakuta mara nyingi RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) ya GB 4 na hifadhi ya GB 64 aina ya eMMC, chipu iliyochomelewa kwenye bodi. GB 4 na GB 64 ndicho kiwango cha chini kabisa cha Windows 11. Mfumo wenyewe hula sehemu kubwa ya hifadhi hiyo, na sasisho kubwa likija hukosa pa kukaa, linakwama katikati, kompyuta inaanza kujiwasha na kujizima. Mteja huambiwa ina virusi. Haina virusi, imejaa. Na kwa kuwa hifadhi imechomelewa, fundi hawezi kuichomoa na kutia kubwa zaidi kama afanyavyo kwenye mashine yenye nafasi ya diski. Mwanafunzi wa kike anayetaka kusomea uhasibu au ramani anakuwa amefungiwa mlango tangu dukani.

Kwenye simu, usisome kasha. Washa simu, fungua Mipangilio, shuka hadi Kuhusu simu. Tazama toleo la Android, RAM na hifadhi iliyobaki kabla hujatia chochote. Kuna ujanja wa kuandika "8GB" kwa kujumlisha RAM halisi ya GB 4 na GB 4 nyingine zilizokopwa kutoka kwenye hifadhi. Hiyo ya kukopa ni polepole mno, kwa hiyo hesabu ile halisi tu. Kisha bonyeza *#06#, linganisha namba za IMEI, yaani za utambulisho wa simu, zinazojitokeza na zilizo kwenye kasha, halafu tuma mojawapo kwa ujumbe mfupi kwenda 1555, huduma ya kuhakiki simu, uone kama jina la simu litakalorudi ni la simu uliyoshika.

Kamera ndiyo inayotumiwa zaidi kuwavuta wanawake, nayo ndiyo yenye udanganyifu mwingi. Piga picha kwa kamera ya mbele, ifungue, tazama maelezo yake. Picha ya megapikseli 13 ya umbo la kawaida huwa karibu 4160 kwa 3120. Ya megapikseli 5 huwa 2592 kwa 1944. Lakini usiishie kwenye namba, kwa sababu programu inaweza kuinyoosha picha ndogo ikajifanya kubwa. Ivute hadi uone nyusi na nyuzi za ushungi. Kama nyuzi zimeyeyuka zikawa kama rangi iliyopakwa kwa kidole, kamera ni ndogo na picha imenyooshwa. Halafu tafuta kitufe cha urembo kwenye programu ya kamera. Katika simu nyingi huja kimewashwa kutoka kiwandani, nacho hulainisha uso, hukondesha taya na kuing'arisha ngozi kuliko ilivyo. Tunasema kwa moyo mzito: msichana wa miaka 14 anayekuta kila picha yake imefanywa nyeupe bila kuombwa ruhusa anafunzwa jambo baya juu ya ngozi aliyopewa na Mola wake. Oktoba 2020 Google ilitangaza kwamba kwenye simu zake za Pixel urembo huo utakuwa umezimwa hadi mwenyewe auwashe. Kwenye simu yako uteremshe hadi sifuri, kisha zima simu na uiwashe tena uhakikishe haujarudi.

Kava za maji yenye vimetameta zinapendwa sana na wasichana, na juu ya hizo tunatoa onyo. Kinachoelea mle si maji matupu. Agosti 2017 kava zipatazo 263,000 za aina hiyo za MixBin ziliondolewa sokoni Marekani baada ya watu kuungua ngozi na kupata malengelenge kava zilipovuja. Ikianza kunata pembeni au povu la hewa likikua, usiiweke mfukoni wala kifuani. Itupe, na nawa mikono kwa sabuni. Kava nene za manyoya au za vijiwe zina hatari nyingine. Betri ikichajiwa hutoa joto, na joto lazima litoke kupitia mgongo wa simu. Lamu ya mwezi wa Machi haihitaji blanketi juu yake. Joto likikaa, gesi hujikusanya ndani ya betri, betri inafura na kuinua kioo. Vua kava kabla ya kuchaji, na ukiona mwanga unapenya kati ya kioo na fremu, zima simu na usiichaji tena hadi betri ibadilishwe.

Waya za chaji za waridi na zambarau, zile laini kama utepe, ndizo zinazotuletea wateja wanaosema simu haiingizi moto. Soma maandishi madogo kwenye waya. AWG ni kipimo cha unene wa waya, na namba ikiwa kubwa waya ni mwembamba. Ukiona 28AWG kwenye nyuzi za umeme, ni nyembamba: kila mita ina ukinzani wa takriban omu 0.21, na umeme huenda na kurudi, kwa hiyo waya wa mita moja una omu 0.42. Chaja ikitoa ampea 2, volti 0.84 hupotelea njiani, na volti 5 hufika zikiwa 4.16. Simu huona umeme ni dhaifu, hupunguza mwendo wa kuchaji, na mtu anaishia kuiacha usiku kucha. Waya wa 24AWG hupoteza volti 0.34 tu katika hali hiyohiyo. Usio na maandishi yoyote, upime kwa kidole: ukijikunja kama uzi na ni mwepesi mno, hauna shaba ya kutosha. Waya mzuri wa waridi upo, na hakuna sababu ya kuukosa. Rangi ni ya plastiki ya nje, haigusi shaba.

Yote hayo ni ya kuepuka. Lililo zito kwetu zaidi ni yale ambayo mwanamke wa hapa anayahitaji kweli na hakuna kasha linaloyataja. Historia ya mambo haya ni ndefu. Apple ilipotoa programu yake ya afya mwaka 2014, iliweza kurekodi hatua na hata madini yaliyomo katika chakula, ila hedhi haikuwamo. Iliongezwa mwaka uliofuata. Waliobuni hawakukosa rangi ya waridi. Walikosa mwanamke mezani wa kuwaambia.

Chukua kidole. Mkono unaofua na kuosha vyombo kutwa hulika matuta ya ngozi, na kidole chenye maji hukichanganya kisomaji cha alama za vidole kinachofungua simu. Bibi harusi mwenye piko lililokolea hadi kwenye ncha za vidole hupata taabu zaidi kwenye kisomaji cha mwanga kilicho chini ya kioo, kwa kuwa hicho hutegemea tofauti ya giza na nuru kati ya matuta. Kisomaji cha umeme kilicho ubavuni, kwenye kitufe cha kuwashia, huvumilia zaidi. Basi sajili kidole kabla ya kutiwa hina, na baadaye kisajili tena. Sajili kidole kilekile mara mbili, kama viwili tofauti, mara moja kikavu na mara moja baada ya kazi za nyumbani. Na weka nambari ya siri ya tarakimu sita usiyoisahau, kwa sababu ndiyo itakayokuokoa.

Mwenye nikabu hafunguliwi na simu inayosoma uso mzima. iPhone 12 na zilizofuata, tangu mfumo wa iOS 15.4 wa Machi 2022, zinaweza kusoma eneo la macho peke yake ukiruhusu kwenye mipangilio. Usomaji wa uso wa simu za bei nafuu, unaotumia kamera ya kawaida, usiutegemee hata bila nikabu, kwani baadhi yake hudanganywa na picha.

Ukubwa nao. Simu ya inchi 6.7 ina upana wa karibu milimita 77, na kiganja cha mwanamke kwa wastani ni kifupi na chembamba kuliko cha mwanamume. Akiwa amempakata mtoto, kidole gumba hakifiki juu ya kioo, simu inateleza, kioo kinapasuka. Vioo vilivyopasuka ni sehemu kubwa ya kazi yetu, na tungependa ipungue. Android 12 na kuendelea ina hali ya mkono mmoja, inayoteremsha kioo hadi nusu. Iko ndani ya Mipangilio, kwenye ishara za mkono. Muuzaji akiionyesha dukani, dakika moja inatosha.

Buibui halina mfuko, kwa hiyo simu hukaa kifuani au katika pindo la kanga, kwenye jasho. Jasho lina chumvi, na hewa ya hapa tayari ina chumvi. Tundu la chaji huanza kutu ya kijani kwenye meno yake ya shaba. Kabla ya kulipia ganda lenye ua, lipia daraja la kuzuia maji, mathalani IP67 au IP68, ukijua kwamba vipimo hivyo hufanywa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, si ya bahari. Tundu likilowa, zima simu, igonge taratibu kwenye kiganja tundu likitazama chini, iache penye upepo si chini ya nusu saa. Usiifukie kwenye mchele: unga wake huingia ndani na hauvuti maji kama watu wanavyodhani. Kutu ikishaonekana, fundi aisafishe kwa brashi laini na spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, betri ikiwa imekatwa umeme.

Na sasa jambo ambalo wanawake huliuliza kwa sauti ya chini, au hawaliulizi kabisa na simu ikabaki mbovu kabatini: nikiiacha kwa fundi, ataona picha zangu? Hofu hiyo ni halali. Simu ina picha za mtu akiwa nyumbani kwake bila ushungi. Simu nyingi za Samsung zilizopata mfumo wa One UI 5 zina hali ya matengenezo, ambayo kwenye menyu ya Kiingereza huandikwa Maintenance mode, ndani ya sehemu ya utunzaji wa kifaa. Ukiiwasha simu hujizima na kuwaka ikiwa tupu. Fundi anaweza kujaribu kioo, spika na chaji, lakini haoni picha, ujumbe wala programu zako. Ukirudishiwa unaizima kwa kidole au nambari yako. Pixel zilipata hali kama hiyo Desemba 2023. Ambaye simu yake haina, atoe laini na kadi ya memori kwanza, kwa kuwa picha zilizo kwenye kadi husomeka kwenye simu yoyote. Akiweza, ahifadhi vitu vyake kwenye kompyuta kisha aifute simu. Kubadilisha kioo au tundu la chaji hakuhitaji fundi ajue nambari yako ya siri. Abadilishe mbele yako, uijaribu mwenyewe. PIN ya M-Pesa hakuna kazi ya ufundi inayoihitaji, kabisa.

Kama kasha lingeandikwa "ina hali ya matengenezo, kisomaji cha ubavuni, IP67, hali ya mkono mmoja", hiyo tungeiita simu ya kike bila kusita, hata ikiwa nyeusi kama buibui. Na wanaume wangeinunua pia.

Kuhusu bei, mwaka 2015 idara ya masuala ya walaji ya jiji la New York ililinganisha karibu bidhaa 800 na kukuta za wanawake na wasichana zinazidi za wanaume kwa wastani wa asilimia 7. Skuta moja ya mtoto, ileile, nyekundu iliuzwa dola 24.99 na ya waridi dola 49.99. Jimbo la New York mwaka 2020 na la California mwaka 2022 yalipitisha sheria za kukataza tofauti kama hizo. Kenya ina Ibara ya 46 ya Katiba, inayompa mlaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na ya kupata taarifa za kumwezesha kunufaika nazo, na ina Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012. Muuzaji akikutajia bei mbili za modeli moja kwa sababu ya rangi, mwombe aandike sababu hiyo kwenye risiti.

Wauzaji wenzetu tunawaomba mambo machache. Wekeni kwenye rafu karatasi yenye RAM halisi, hifadhi, daraja la maji na upana wa simu kwa milimita. Mwacheni mwanamke ashike simu mkono mmoja kabla ya kulipa. Na kwa kuwa zawadi za harusi zitaendelea kununuliwa na watu wengine, na si vibaya, kubalini kubadilisha modeli ndani ya siku saba kama nailoni ya kioo haijabanduliwa, na risiti iandikwe kwa jina la atakayeitumia, ili aweze kuja mwenyewe dukani akachagua.

Mafundi wa simu na kompyuta,
Langoni, Lamu.